Shahidi Asiyekula Kiapo

Watu wa Neno Moja hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Wangekuwa wezi, au wale wa kuomba kwa sauti huku mkono uko mfukoni mwa jirani, mtu angewatukana akaenda zake. Lakini walikuwa waaminifu kupindukia. Ukimzidishia mmoja wao chenji kwa bahati mbaya, alikufuata mpaka mlangoni kwako kukurudishia. Ukimwuliza bei ya kitu, aliitaja mara moja, na ukianza kuvutana naye alikutazama tu kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Kanisa lao lilikuwa chumba kimoja cha matofali chenye mabenchi na meza isiyo na kitambaa, na fundisho lao kuu lilikuwa jepesi kulisema: Bwana amekataza kuapa. Mkristo husema ndiyo au hapana, mara moja, akanyamaza.

Basi hawakuapa. Hawakusema "haki ya Mungu", wala "kweli tena", wala "nakuapia". Mtoto wao akisema "naapa sikuvunja mimi", alichapwa kwa kule kuapa na sahani ikasahaulika. Mtu mzima akiteleza alikalishwa benchi la nyuma, uso ukutani, ibada baada ya ibada, mpaka wazee waridhike. Majirani wenye utani hawakuacha kuwachokoza. "Mkate huu ni wa leo?" "Wa leo." "Kweli?" Kimya. "Kweli kabisa?" Kimya, na mkate unarudishwa kwenye rafu.

Aliyekuwa akiurudisha mkate kwenye rafu ni Mama Mikate, mjane aliyeoka nyuma ya nyumba yake, kwenye tanuri la matofali alilojengewa na marehemu mumewe. Kabla ya kuingiza mikate alirusha unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri. Ukiungua papo hapo, alisubiri. Ukibadilika rangi taratibu, alisema "haya", na mabati ya mikate yakaanza kuingia. Viganja vyake vilikuwa vimekwisha nguvu kwa miaka ya kukanda, kwa hiyo siku hizi aliyekanda ni mwanawe wa mwisho, ambaye nyumbani na mtaani walimwita Kitinda. Dada zake walikuwa wameolewa mbali.

Kitinda alikuwa kijana mrefu, mcheshi, mwenye mikono ya kazi na imani ya kuazima. Kanisani alikwenda kwa sababu mama anakwenda, na mahubiri yakirefuka alilala huku ameketi wima, ufundi ambao hata kiongozi wa kanisa alikuwa amechoka kuukemea. Kazi yao ilianza kabla hapajapambazuka, wawili tu, yeye anakanda na mama anachochea moto. Jua likichomoza alipanda baiskeli yenye sanduku nyuma, akapeleka mikate madukani akiwa mweupe kwa unga kuanzia nyusi mpaka viatu. Watoto wa shule walimwita Mzimu, naye aliwatolea macho wakakimbia wakicheka.

Alfajiri moja wezi walivunja duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa mwisho wa barabara. Walimpiga mlinzi nondo ya kichwa, wakabeba walichobeba, na katika purukushani mfuko wa chokaa ukapasuka. Mlinzi alipozinduka alikuwa na jambo moja tu la kuwaambia polisi: aliyempiga alikuwa kijana mrefu, mweupe pe kwa vumbi. Polisi wakatoka kumtafuta kijana mrefu mweupe kwa vumbi, na hawakwenda mbali. Alikuwa anakuja upande wao kwa baiskeli, anapiga mluzi. Mikate ilichukuliwa kama kielelezo, na kufika saa ya chai kielelezo kilikuwa kimeliwa chote kituoni.

Kwenye gwaride la utambulisho mlinzi, kichwa kimefungwa bandeji mpaka jicho moja, alimshika Kitinda bega. Hakuwa mwongo. Alikuwa mtu aliyeumizwa, akapangiwa vijana mstari mmoja, akachagua. Likawa neno la mlinzi dhidi ya neno la Kitinda, na duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua Kitinda alikuwa wapi wakati nondo inashuka. Mama yake alikuwa naye chumba kimoja, akimsikia akinung'unika kwamba leo chumvi imezidi.

Wakili waliyepewa bila malipo alikuwa binti mdogo wa umri, mwenye mkoba mkubwa na haraka nyingi. Alikuja mpaka kwenye tanuri, akaketi juu ya gunia la unga bila kuogopa sketi yake nyeusi, na Mama Mikate akampenda kwa hilo.

"Mama, wewe ndiye kesi yote," alisema. "Mimi nitapiga maneno, lakini wewe ndiye utakayemtoa. Utapanda kizimbani, utakula kiapo, utamweleza hakimu ulivyonieleza mimi."

"Kueleza nitaeleza. Kiapo siwezi kula."

Wakili alimkazia macho, kisha akacheka kwa nafuu, kama mtu aliyedhani ameibiwa mkoba kumbe ameukalia. "Hilo tu? Sheria inajua kuna watu kama ninyi, mama. Asiyeapa anathibitisha. Hushiki kitabu, humtaji Mungu. Unasema tu: nathibitisha kwamba nitakayoyasema ni kweli. Basi."

"Nitamwuliza Mzee wetu."

"Mwulize," wakili alisema akijipangusa unga. "Ila jibu ndilo hilo nimekupa."

Mzee wao aliyeongoza kanisa alikuwa kinyozi, na kwa sababu hiyo wote walimwita Mzee Kinyozi, ndani na nje ya kanisa. Duka lake lilikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja na benchi la wanaosubiri. Mchana ule alikuwa ananyoa ndevu za mteja aliyefunikwa shuka mpaka kidevuni. Alimsikiliza Mama Mikate bila kuondoa wembe.

"Ukitia maji kwenye chupa ya soda," alisema, "yanakuwa soda?"

"Hayawi, Mzee."

"Kuthibitisha ni kiapo kwenye chupa nyingine. Fikiria mwenyewe. Kwa nini wanataka ukasimame juu ya kile kijukwaa, useme 'sasa nitasema kweli'? Ni kwa sababu neno lako la kila siku wanalihesabu uongo. Ukikubali, umekubali kwamba siku zote unadanganya, isipokuwa siku ile. Sisi si watu wa sheria mbili. Kodi tunalipa. Barabara ikifungwa tunazunguka. Serikali ikisema fagieni mbele ya milango yenu, tunafagia. Lakini inapovuka hapa," na alichora mstari hewani kwa ule wembe, "tunamtii Mungu."

"Na mwanangu?"

"Mwanao yuko mikononi mwa Mungu."

"Yuko mikononi mwa polisi, Mzee."

Mteja alicheka chini ya shuka, kisha akakumbuka wembe ulipo, akanyamaza. Mzee Kinyozi alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli, maana alimpenda Kitinda, alimnyoa tangu ana nywele za utotoni. Alimwambia Mama Mikate kwamba kanisa litafunga na kuomba, na kwamba siku ya kesi yeye mwenyewe ataketi mbele, amwone.

Dada mkubwa wa Mama Mikate hakuwa na subira ya namna hiyo. Alikuwa muuza vitambaa, Mkristo wa kanisa kubwa la mjini, na alipopata habari alifika na mita yake ya kupimia bado imening'inia shingoni.

"Mimi nami nimebatizwa," alifoka, "tena kwa maji mengi kuliko yako. Hebu niambie, hakimu amekwambia umkane Bwana? Amekwambia uache kusali? Amekuuliza mtoto wako alikuwa wapi! Watu walikufa kwa kukataa kuabudu sanamu, sawa, Mungu awalaze pema. Wewe unataka mtoto afungwe kwa sababu hutaki kusema 'nitasema kweli'?"

"Dada, leo nikisema hili ni dogo, kesho nitasema na lile ni dogo."

"Kitinda ni dogo?"

Mama Mikate aliinamia kazi yake. Alikuwa anapaka mafuta mabati ya mikate, akapaka lile lile mara ya pili na ya tatu. Ukweli ni kwamba moyoni hakuwa anamtoa mwanawe sadaka hata kidogo. Aliamini, na hapa ndipo panapotia uchungu, kwamba akisimama imara Mungu atasimama naye. Hakimu atasikia neno moja safi la mwanamke mwaminifu, na neno lile litamchoma mpaka atafungua mlango. Alishaona mambo hayo yakitokea kwenye mahubiri. Hakujiuliza kama aliwahi kuyaona yakitokea kwingine.

Mahakama ilikuwa chumba chenye feni iliyokataa kuzunguka na madirisha yaliyopakwa rangi mpaka yakagoma kufunguka. Mzee Kinyozi aliketi mbele kama alivyoahidi, kofia juu ya goti. Dada mkubwa aliketi mbali naye makusudi. Kitinda aliletwa amekonda, shati limekuwa kubwa, na alipoitwa kujitetea alishika Biblia kwa mkono wa kulia, akaapa bila kusita. Mama Mikate aliangalia sakafu. Mzee Kinyozi aliinamisha kichwa. Kijana alieleza vizuri: alikuwa anakanda, alikuwa na mama, mwulizeni mama.

Akaitwa mama.

Karani alimsogezea Biblia. "Siapi," alisema.

"Basi athibitishe," hakimu alisema bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

"Sithibitishi, mheshimiwa. Nitasema kweli tu."

Hapo hakimu aliinua macho. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya mafua. "Mama, kuthibitisha ndiko kusema kwamba utasema kweli."

"Nikisema nitasema kweli, kisha nikaisema, nimesema mara mbili. Kwetu tunasema mara moja."

Watu walicheka nyuma, na mtu mmoja akapiga makofi. Hakimu alisubiri kelele ziishe, akavua miwani.

"Mama, nisikilize. Mimi nami ni Mkristo. Huo mlango wa kuthibitisha haukutobolewa na wapagani. Ulidaiwa na watu wa imani kama yako, waliokubali kufungwa kuliko kuapa, wakasumbua wakubwa mpaka ukafunguliwa. Waliumia wao ili wewe leo usiumie. Sheria imekusogelea mpaka hapo ilipoweza. Hatua iliyobaki ni yako."

Wakili wake alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mama Mikate alimtazama Mzee Kinyozi. Mzee hakutikisa kichwa, hakukunja uso, alimtazama tu, na kule kutazama kulikuwa na benchi la nyuma ndani yake, na wanawake wenzake wasiomsalimu, na mazishi yake mwenyewe siku moja bila mtu wa kuimba. Kisha alimtazama mwanawe. Kitinda alikuwa anasema kitu kwa midomo bila sauti, na kitu chenyewe kilikuwa "mama".

"Alikuwa na mimi," Mama Mikate alisema. "Alikuwa anakanda, akaniambia chumvi..."

"Napinga, mheshimiwa!" Mwendesha mashtaka alikuwa amesimama tayari.

"Futa hayo," hakimu alimwambia karani. Alivaa miwani. Angeweza kumweka ndani kwa kukaidi mahakama, na mwendesha mashtaka alimkumbusha hilo, lakini alisema tu, "Teremka, mama," kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa.

Hukumu ilisomwa wiki ile ile. Mshtakiwa alidai alikuwa mahali pengine, lakini dai lake halikuungwa mkono na ushahidi wowote. Miaka saba. Dada mkubwa alipiga yowe. Kitinda hakupiga yowe. Aligeuka akamtafuta mama yake kwa macho, akamwona, akaondoa macho yake kwake kama mtu anayeondoa mkono kwenye chombo cha moto.

Kanisani Mama Mikate alipokewa kama malkia. Mzee Kinyozi alihubiri habari zake huku machozi yanamtoka, na alipomaliza wanawake walipanga foleni kumshika mkono. Walimwita Mama wa Imani. Tuseme kama ilivyokuwa: kwa muda aliona utamu. Alikaa mbele, akaonyeshwa wageni, na kila alipoombwa aeleze alieleza, na kila alipoeleza alikuwa jasiri zaidi kidogo kuliko alivyokuwa kizimbani. Kisha alirudi nyumbani na unga ukawa unamsubiri. Alikanda peke yake, viganja vikavimba, akakanda kwa viwiko, akakanda na ngumi. Mikate ilitoka mizito, imebonyea katikati, na wenye maduka wakaanza kuagiza kwingine bila kumwambia. Asubuhi nyingine alikuwa anageuka kusema "niletee lile bati", akakuta anaongea na ukuta. Hapo ule utamu ulimtoka wote, ikabaki ladha ambayo hakuweza kuitema.

Gerezani alikwenda kila waliporuhusu. Mwanzoni Kitinda aliongea naye kama mtu anayeongea na karani wa posta. Baadaye alilainika. Aliomba aletewe Biblia ya nyumbani, ile yenye jalada lililopasuka, na kila mama alipokwenda alimkuta ameongeza utulivu. Mzaha wake ulikuwa umekwisha. Aliuliza habari za kanisa, mambo ambayo hakuwahi kuyauliza akiwa huru. Mama alifurahi, akasema moyoni kwamba walau hili.

Akiwa katika hali hiyo ndipo wakili alipomletea habari. Wezi wengine walikamatwa mtaa wa pili, na mmoja wao, akiulizwa mambo mengine, alitaja duka lile la vifaa vya ujenzi. Haikuwa ushahidi kamili, lakini ilikuwa ufa. Muda wa rufaa ulikuwa umepita, wakili alisema, ila mahakama inaweza kuufungua upya kama Kitinda mwenyewe atatia sahihi hati ya kiapo ya kueleza kwa nini amechelewa na anataka nini kisikilizwe. Kisha mama ataitwa tena. "Na safari hii, mama," wakili alisema, "nakuomba, kwa jina la huyo huyo Mungu wako." Wakapatana wakutane mahakamani mjini, wakili akiwa ametoka gerezani kuonana na Kitinda.

Mama Mikate alifika mapema. Kwenye ukumbi wa mahakama alishangaa kuwakuta wanawake wa kanisa lake wamejipanga ukutani, wamevaa za ibada. Walimsalimu upesi upesi, wakaangalia viatu vyao. Mmoja wao ndiye aliyemnong'oneza: kuna tajiri anadai kiwanja cha kanisa ni chake, kesi imeitwa leo, Mzee yuko ndani. Mama Mikate alisukuma mlango.

Mzee Kinyozi alikuwa kizimbani, pale pale alipoteremshwa yeye. Karani alimwuliza kama ataapa au atathibitisha.

"Nitathibitisha," Mzee alisema. Akainua mkono wa kulia, mkono wake wa wembe, usiotetemeka hata kidogo, akarudia maneno nyuma ya karani, neno kwa neno, kwa sauti ile ile nzuri ya kuhubiria.

Mama Mikate alishika mwimo wa mlango. Alisubiri nje mpaka wakatoka. Mzee alipomwona alijua, maana alianza kuongea kabla hajaulizwa.

"Wazee tuliketi, Mama wa Imani. Tuliomba sana. Tukaona kuna tofauti."

"Tofauti ipi?"

"Lile lilikuwa jambo la mtu mmoja. Hili ni la nyumba ya Bwana. Kiwanja kikienda, kundi lote linatawanyika. Bwana mwenyewe..."

"Yale maji, Mzee," Mama Mikate alisema. "Yamekuwa soda lini?"

"Usiongee kwa uchungu, mama."

"Niongee kwa nini basi? Kwa furaha? Mwanangu anapasua mawe, wewe umepata kiwanja."

Wanawake walisogea kumtuliza, akawatoa mikono yao mmoja mmoja, bila ukali, kama anayejitoa miba. Mzee Kinyozi alisimama na kofia yake mkononi. Inawezekana aliona aibu. Alikuwa mtu mwema na watu wema huona aibu, lakini aibu yake haikumfungulia mtu yeyote mlango wowote.

Wakili alimkuta ameketi kwenye ngazi za nje. Mama Mikate hakumpa nafasi ya kusalimia. "Nitaapa," alisema. "Si kuthibitisha. Leta Biblia, nitaapa kwa mikono miwili. Leo hii."

Wakili aliketi kando yake kwenye ngazi. Hakufungua mkoba.

"Mama, yeye amekataa."

"Nani amekataa?"

"Kitinda. Nimemwekea hati mbele yake, nikamsomea. Nikamwambia kama hataki kuapa athibitishe tu. Amesema hapana. Amesema amefundishwa na mama yake."

Alikwenda gerezani siku hiyo hiyo, jua bado kali. Chumba cha wageni kilikuwa na meza ndefu iliyogawanywa kwa wavu, na askari magereza mmoja kwenye kiti chini ya saa ya ukutani. Kitinda aliingia akitabasamu, uso umetulia, na mama akaogopa ule utulivu kuliko alivyowahi kuogopa hasira yake.

"Najua umekuja kwa nini," Kitinda alisema. "Usihangaike, mama. Mimi nimeshaapa mara moja, na unaona nilipo."

"Hukufungwa kwa kuapa. Ulifungwa kwa sababu mimi sikuapa."

"Ndivyo nilivyofikiri na mimi." Alisogea karibu na wavu. "Nilikuchukia, mama. Nilikaa humu nikakuchukia mpaka chakula hakipiti. Halafu siku moja nikawaza: huyu mama hana kitu duniani ila mimi. Na amenitoa sadaka. Mtu hawezi kumtoa mtoto wake kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Basi nikajua Mungu yupo. Miaka yote nimelala kanisani, nimekuja kumjua humu ndani, kwa sababu yako. Unataka nikiharibu hicho kwa karatasi ya wakili?"

"Mzee ameinua mkono. Leo. Nimemwona kwa macho yangu, kwa ajili ya kiwanja."

Kitinda alifumba macho kidogo. "Mzee ameanguka," alisema. "Tumwombee. Wewe hukuanguka."

"Mwanangu." Alishika wavu kwa vidole vyake vilivyovimba. "Sikusimama mimi. Nilimwogopa Mzee. Nilipokuwa kizimbani sikumtazama Mungu, nilimtazama yeye, nikafikiria benchi la nyuma, nikafikiria watakaonizika. Ndicho nilichokutolea. Hakikuwa kikubwa kuliko hicho. Nilikosea."

"Unasema hivyo ili nitoke."

"Ndiyo, ili utoke! Na tena ni kweli."

Kitinda alitikisa kichwa polepole, kwa upendo, kama mtu mzima anayemsikiliza mtoto akiota. Hakumwamini. Maisha yake yote Mama Mikate alikuwa amesema jambo mara moja, na waliomuuzia unga, wenye maduka, hata majirani wa kumtania walijua kwamba limekwisha. Mtu wa kwanza kutoliamini neno lake alikuwa huyu.

Aliachia wavu. Akasimama, akainua mkono wa kulia juu ya kichwa, askari akageuka kumtazama.

"Naapa," alisema kwa sauti iliyojaa chumba chote. "Naapa mbele ya Mwenyezi Mungu aliye hai, naapa kwa kaburi la baba yako, naapa kwa tumbo lililokuzaa. Nilikosea. Toka humu, mwanangu. Nakuapia. Nilikosea."

Utulivu wote ulimtoka Kitinda usoni. Aliziba masikio kwa viganja, akarudi nyuma mpaka kiti kikaanguka, midomo ikitetemeka kama alivyokuwa akifanya utotoni kabla ya kulia. Kisha alijikaza. Aliinua kiti, akakisimamisha vizuri mahali pake, akamwendea askari na kumwomba amrudishe ndani. Alipopita mlangoni hakugeuka.

Mama Mikate alibaki amesimama mbele ya wavu. Askari aliporudi alimkuta vile vile, akaitazama saa ya ukutani, akamwambia kwa upole kwamba muda wake bado haujaisha, anaweza kukaa kama anataka.